Darasa zima linasoma, mtoto mmoja mmoja hawezi

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya serikali kusini mwa Jiji la Tanga, upande wa kuelekea Mwambani na Tongoni. Naomba jina langu na la shule yasitajwe. Darasa hili nimelipokea Januari. Nina watoto 94 katika chumba kimoja, wanabanana wanne, pengine watano kwenye dawati, na kitabu kimoja cha kiada kinatumiwa na watoto watano.

Kinachonisumbua ni kusoma. Mtu akipita nje ya darasa langu asubuhi atadhani mambo ni mazuri sana. Nasoma sentensi, wanaitikia. Nasoma nyingine, wanaitikia. Mwisho wanausoma ukurasa mzima kwa sauti moja hadi mwalimu wa darasa la jirani anakuja kuniomba niwapunguze. Nilikuwa nafurahi, mpaka siku niliyoandika ubaoni hadithi ambayo tayari tulikuwa tumeisoma mara kadhaa. Ina sentensi isemayo, "Babu alimfunga mbuzi kwenye mnazi." Safari hii niliibadilisha makusudi, mahali pa mbuzi nikaandika ng'ombe. Darasa zima likaimba "mbuzi." Nikaligusa lile neno kwa kijiti, nikawaambia tena. "Mbuzi!" Kwa nguvu zaidi. Msichana mmoja tu wa dawati la nyuma alinyamaza, akawa ameukunjia ubao uso. Nilipomuuliza kulikoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, pale hapana mbuzi."

Tangu hapo nimeanza kuwaita mmoja mmoja. Wako wanaosoma vizuri, kama ishirini hivi. Wengi wanajua silabi, wanakwenda wa, li, po, m, ka, na wakifika mwisho wa neno wameshasahau walikoanzia. Na karibu wote, hata wale wanaoweza, wana tabia moja: wakisema neno wananitazama usoni. Nikikubali kwa kichwa wanaendelea. Nikinyamaza wanalibadilisha, hata kama walilisema sawasawa. Nikiwaambia wasome kimya wanafungua kitabu halafu wanaangalia dirishani. Mimi nisipokuwepo, hakuna kusoma.

Yuko pia mvulana mkubwa, ana miaka 12. Aliwahi kuacha shule akaenda kuvua na mjomba wake, sasa amerudi. Huyu hajui kusoma kabisa, na anajua kuficha. Akiitwa asome anaangusha kalamu, anaomba ruhusa ya kwenda chooni, au anafanya kituko wenzake wacheke. Wiki iliyopita mwalimu wa somo jingine alimsimamisha asome mbele ya darasa. Alisimama kimya mpaka kengele ikagonga, machozi yanamlengalenga. Kesho yake hakuja shule.

Mwalimu mkuu wetu ni mtu mwema, lakini anataka mada ziishe, kwa sababu mwakani hawa wana Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Nilipojaribu kuwaachia dakika chache za kusoma kimya alipita, akaniuliza mbona watoto wamekaa bure. Sikuwa na la kumjibu.

Naomba unisaidie. Nifanye nini ili mtoto asome mwenyewe, kwa kujiamini, bila kuningoja mimi? Na nitawezaje kwa watoto 94 na vitabu hivi vichache?

Ni mimi,
Mwalimu wa Tatu, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na yule msichana wa dawati la nyuma. Wenzake wote walisema mbuzi, mwalimu akaonyesha tena, wakasema mbuzi tena, naye akayaamini macho yake. Mtoto anayesoma kwa kujitegemea ndiye huyo. Alitazama maandishi, akajiuliza kama anachokisikia kinalingana na anachokiona, na alipoona hakilingani hakukubali kwenda na kundi. Unataka wenzake 93 wapate tabia hiyo, na ninakuhakikishia kwamba kwa kuitikia hawataipata, hata ungewaitikisha mpaka Desemba.

Sikwambii uache kabisa kusoma kwa pamoja. Hadithi mpya au shairi ni vizuri darasa likasoma kwa sauti moja mara ya kwanza. Mtoto mwoga anapata pa kujifichia, na wote wanasikia sentensi inakatiwa pumzi wapi. Lakini ziwe dakika tano za kipindi chako cha dakika 40, basi. Kuitikia ni kazi ya sikio na kumbukumbu, na kumbukumbu watoto wa Tanga wanayo tele. Mtoto wa miaka tisa aliyekwisha kuhifadhi sura kadhaa za Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Kurani, ukurasa mmoja wa babu na mbuzi wake utamshinda nini? Anauhifadhi mara ya pili tu kuusikia, na wewe ukisimama mbele unamwona anasoma.

Ila chuoni huko huko, yaani madrasa wanakosomea Kurani, kuna kitu kingine ambacho shuleni tumekiacha, nacho ndicho ningependa ukichukue. Ukipata nafasi kapite jioni kwenye chuo chochote hapo kijijini, utazame maalim anafanyaje wadogo wakishamaliza kuitikia herufi. Kila mtoto ana mahali pake alipofika. Huyu bado yuko kwenye alifu, yule ameingia juzuu, mwingine anakaribia kuhitimu. Mtoto anapewa sehemu yake, anakwenda kudurusu, kijiti mkononi akiufuatisha mstari, kila mmoja na lake kwa wakati mmoja, kisha anakuja mbele ya maalim anasikilizwa. Akiteleza anarudishwa akadurusu tena. Wakubwa wanawasikiliza wadogo. Maalim yuko peke yake na watoto chungu nzima, na kila mmoja anasikilizwa. Wengi wa wanafunzi wako wanaishi na utaratibu huu kila siku. Huna haja ya kuwafundisha upya. Waambie tu kwamba na hapa darasani tutasoma hivyo, na wasiokwenda chuo watajifunza kwa wenzao. Kitu kimoja tu tutofautiane na chuo: kule mtoto anaweza kuyasoma maneno vizuri sana kabla hajajua maana yake, na hapa kwetu kusoma bila kuelewa hakuhesabiki.

Sasa tupige hesabu, maana najua utasema 94 ni wengi. Tenga dakika 10 kila siku, saa ile ile, kila mtoto awe na kitu cha kusoma mkononi. Katika dakika hizo wewe unawasikiliza watoto 6, kila mmoja dakika moja na nusu, ukiwa umechuchumaa kando ya dawati lake ili wengine wasimsikie akikosea. Siku 16 za shule darasa zima limekusomea, mmoja mmoja. Wale ishirini wanaoweza wanaweza kusubiri zamu ndefu zaidi, na nafasi zao uwape walio nyuma wasikilizwe kila wiki. Fungua daftari lako, kila mtoto mstari mmoja: tarehe, alisoma nini, alikwama wapi. Usiweke alama za kushindanisha. Ukiweka alama tu, watoto wanaanza kusoma kwa ajili ya alama, na wale wa nyuma wanarudi kujificha.

Dakika 10 za kusoma kimya hazitapatikana siku ya kwanza. Anza na tatu. Watoto waliozoea kelele wakikutana na ukimya hawajui waufanyie nini, ndiyo maana wanaangalia dirishani, hawakudharau. Wiki ya pili ziwe tano. Waruhusu wasome kwa kunong'ona na kidole kikifuata mstari, maana mtoto wa Darasa la Tatu anayenong'ona bado anasoma, na midomo itatulia yenyewe akizoea. Na siku ambayo humsikilizi mtu, kaa chini usome kitabu chako mbele yao. Wengi hawajawahi kumwona mtu mzima akisoma kitu ambacho hakulazimishwa.

Lingine ni hilo la kukutazama usoni, na kwa maoni yangu hilo ndilo kubwa kuliko yote uliyoniandikia. Watoto hawa wamejifunza kwamba jibu liko kwenye uso wa mwalimu. Kwa hiyo uondoe uso wako. Mtoto anapokusomea, macho yako yawe kwenye kitabu chake, si kwake. Akikwama, nyamaza. Hesabu moja mpaka tano moyoni, tena polepole. Utaona zile sekunde ni ndefu ajabu, na utatamani sana kumtajia neno, kwa sababu sisi walimu tunaona huruma, na wenzake nao watataka kulipaza. Wazuie kwa mkono. Mtoto aliyetajiwa neno amepata neno moja; ukimwachia akalipata mwenyewe, amepata njia ya kulipatia na linalofuata.

Bado kimya baada ya tano? Usimpe neno, mpe pa kushika. "Tazama linavyoanza." "Soma mpaka mwisho wa sentensi, kisha urudi hapa." "Picha inasemaje?" Na akitaja neno ambalo silo, usiseme umekosea. Mwache afike kwenye nukta, halafu umuulize, "Umesoma babu alimfunga mbuzi. Tazama hapa. Limeandikwa hivyo?" Hata akisoma sawa muulize siku moja moja, "Umejuaje?" Wiki za mwanzo atadhani amekosea na atalibadilisha, kama ulivyoniandikia. Mwambie, "Umepatia, nataka tu kujua umejuaje." Akikuambia, "Nimeona ng halafu kile kijikoma juu," hapo msifu, na umsifu kwa hilo hasa: umetazama herufi zote, hukubahatisha. "Hongera, pigeni makofi" haimwambii mtoto arudie nini kesho.

Nakuja kwenye wa, li, po, m, ka. Tangu mtaala wa 2015, Darasa la Kwanza na la Pili kazi yao kubwa ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na watoto wanakufikia wakiwa na silabi zao. Kiswahili kinasaidia hapo kwa sababu kinatamkwa kama kilivyoandikwa, na watoto wa kwenu wana bahati ya ziada: th, dh na gh, ambazo zinawatesa watoto wa bara, kwao ni nyepesi kwa sababu ya chuo. Tatizo linakuja kwenye urefu wa neno. Walipomkaribisha ina silabi nane. Mtoto akizipanda moja moja, akifika sha ameshaipoteza wa. Huyo hahitaji kurudishwa ba be bi bo bu, anahitaji kuona kwamba neno refu limeundwa kwa vipande anavyovijua tangu akiwa na miaka miwili, kwa sababu ndivyo anavyosema nyumbani.

Fanya hivi. Andika karibu ubaoni, wasome. Chini yake karibisha. Kisha nilimkaribisha, walimkaribisha, walipomkaribisha, hawakutukaribisha. Kwa kila neno ziba mwanzo kwa kiganja chako, waulize wanaona neno gani wanalolijua. Wataona karibisha. Fungua kiganja kidogo: kabla yake kuna m, ni mtu aliyekaribishwa. Fungua tena: walipo, ni wao, na ni wakati fulani. Baada ya siku chache waambie kila mmoja azibe kwa kidole chake mwenyewe kwenye kitabu. Hicho kidole ndicho atakachokwenda nacho mahali ambapo wewe haupo. Chukua kitenzi kimoja kila siku, pika, funga, nunua, wakitengeneze wenyewe kwa mdomo kwanza: nimenunua, atakununulia, walichonunua, hatukununuliwa. Wanaupenda mchezo huu, na hauhitaji kitabu hata kimoja. Maneno mafupi yenye konsonanti zilizobanana, kama mbwa, anywe, ngwena, yapitie kwa kadi dakika chache tu. Hayo yanakaa kwa kuyaona mara nyingi.

Kwenye madawati, wapange wawili wawili wa kusomeana. Usimweke anayesoma kuliko wote na asiyejua kabisa, maana wa kwanza atasoma yote na wa pili atatazama. Waweke walio karibu karibu. Mmoja anasoma, mwenzake anafuatisha kwa macho na yuko chini ya sheria ile ile yako ya kuhesabu mpaka tano. Ukurasa ukiisha, msikilizaji anauliza swali moja la kweli kuhusu habari yenyewe: kwa nini babu alimfunga? Wewe ungemfunga? Kisha wanabadilishana. Hapo kuelewa kunaingia bila kungoja maswali ya ufahamu ya mwisho wa sura.

Vitabu. Watoto 94 kwa kitabu kimoja watu watano ni kama vitabu 19, na hutapata vingine haraka. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016 madarasa yamejaa watoto ambao zamani wangebaki nyumbani, jambo la heri kabisa, lakini vitabu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Basi vitengenezeni. Karatasi mbili za katikati ya daftari zikikunjwa na kushonwa kwa uzi zinatoa kurasa 8. Kila mtoto atengeneze kijitabu kimoja, kila ukurasa sentensi moja au mbili na mchoro, jina lake kwenye jalada la boksi. Waandike wanayoyajua wao kuliko sisi: namna ya kutega dema, kumvuta pweza mwambani maji yakipwa, dagaa walivyonyeshewa na mvua siku walipoanikwa, bibi anavyosema juu ya yale magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya Tongoni. Asiyeweza kuandika akusimulie, umwandikie kwa maneno yake mwenyewe. Ndani ya mwezi mmoja una vijitabu 94, kila kimoja tofauti na kingine, na kila kimoja mtoto mwenyewe anataka wenzake wakisome. Sahihisha tahajia kabla hakijashonwa, kwa penseli, mbele yake. Viweke kwenye boksi wanakoweza kufikia bila kukuomba.

Kwenye simu yako pia kuna msaada. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili za bure zilizopangwa kwa ngazi, kuanzia zenye maneno machache sana kwa ukurasa mpaka ndefu za mwalimu kuwasomea watoto, na unaruhusiwa kuzichapa au kuzinakili kwenye manila. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. Na usiisahau Maktaba ya Mkoa pale mjini. Nenda na barua ya shule, uulize wanaweza kuwasaidiaje watoto wako. Hata kama ni kuwapeleka kumi tu siku moja wakaone chumba kizima cha vitabu, peleka.

Wafundishe na kuchagua. Mtoto akishika kijitabu afungue ukurasa wa katikati, asome, na kila neno linalomshinda akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, hicho bado hakijafika zamu yake, achukue kingine. Usimkemee anayerudia kijitabu kile kile kila siku. Mara ya kwanza alikuwa anapambana na maneno, mara ya tatu ndipo anapoanza kukisoma kama anavyozungumza, na mtoto anahitaji kujisikia akisoma hivyo ili aamini kwamba anaweza.

Na kila siku wasomee wewe, dakika tano kabla ya kwenda nyumbani, hadithi iliyo juu kidogo ya uwezo wao. Soma vizuri, kwa sauti za wahusika, usimame mahali pazuri na uulize, "Mnadhani atafanya nini?" Usiwape zoezi baada ya hapo.

Sasa huyo kijana wa miaka 12. Nimeisoma sehemu yake mara nyingi. Kama hajarudi, nenda kwao mwenyewe, leo ikiwezekana, wala usitume mtoto. Zungumza naye kando, si mbele ya mjomba wala wenzake, na mpe ahadi moja: darasani kwako hatasimamishwa kusoma mbele ya watu mpaka yeye mwenyewe akwambie yuko tayari. Mwombe na yule mwalimu mwenzako aiheshimu ahadi hiyo. Mtoto anayejificha akili yake yote iko kwenye kujificha, hakuna inayobaki ya kujifunzia.

Huyu anahitaji kuanza mwanzo kabisa, na aibu yake ni kwamba mwanzo ni wa watoto wadogo. Mpe sababu ya kiume ya kushika vitabu vya wadogo. Zungumza na mwalimu wa Darasa la Kwanza, apewe mtoto mmoja wa kumsomea mara mbili kwa wiki. Kabla ya siku hiyo unakaa naye dakika 15 baada ya masomo, mnakipitia kile kijitabu cha sentensi fupi mpaka akimudu. Hapo hasomi kitabu cha watoto kwa sababu hajui. Anajiandaa kumsomea mdogo wake. Na cha kwanza kabisa kiwe cha kwake. Ameishi baharini, anajua pepo na maji kuliko darasa zima na kuliko wewe. Asimulie, wewe uandike neno kwa neno: "Kusi ikivuma hatutoki." Asome sentensi hiyo. Ataweza, kwa sababu ni yake, na hapo ndipo utakapomwonyesha ku iko wapi na si iko wapi. Kata sentensi vipande, achanganye, apange tena. Fanya hivyo na sentensi yake mpya kila mnapokutana. Itachukua miezi, mwanangu. Usimwahidi kwamba ni rahisi. Na ukiona baada ya muda mrefu herufi bado hazikai, mwombe mlezi ampeleke akapimwe macho na masikio. Watoto wengi wanaoitwa wazito ubao hawauoni.

Kwa mwalimu mkuu, usibishane naye juu ya mbinu. Anaogopa Upimaji, na ana haki ya kuogopa. Mwambie hivi: mwakani kwenye chumba cha Upimaji kila mtoto ataisoma karatasi yake peke yake, kimya, hakuna wa kumwitikia, na swali la Sayansi au la Hisabati nalo limeandikwa. Dakika 10 hizi ndilo zoezi la chumba kile. Mwonyeshe daftari lako, mstari kwa mstari, huyu Machi alikwama kwenye kila neno refu, leo anasoma aya. Kisha mwalike siku moja akae kwenye dawati wakati wa kusoma kimya, achague mtoto yeyote, ampe kijitabu ambacho mtoto huyo hajapata kukiona, amsikilize. Mpange aje baada ya kama miezi miwili, usimwite wiki ya kwanza, wakati bado wanatazama dirishani. Na mweleze mapema ile sheria ya kuhesabu mpaka tano, maana naye ni mwalimu, atataka kutaja neno.

Hayo ni mengi na huwezi kuyaanza yote kwa pamoja. Wiki hii mfuate kijana, na uanze kunyamaza mtoto akikwama. Wiki ijayo dakika tatu za ukimya na daftari. Vijitabu vianze mwezi ujao. Ukitaka nikuchoree mfano wa ukurasa wa daftari la kusikilizia, andika tena, nitautoa hapa hapa na wengine waunakili.